Matone ya Saa Moja

Jumatatu, 10 Februari. Manga.

Saa moja jioni. Tone moja kila jicho. Nimebana kona ya jicho kwa kidole, nimehesabu hadi sitini, nimefunga chupa na kuirudisha kwenye friji. Miaka mitatu sasa. Sijakosa hata siku moja.

La kushoto naliwekea kwa heshima tu. Limekwisha. La kulia linaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba: katikati safi, pembeni giza. Daktari wa Kisii hazunguki na maneno. Kilichopotea hakirudi. Dawa inalinda kilichobaki.

Kerubo, binti yangu, amekuja na mumewe kutoka Kanada. Yeye ndiye aliyepanga safari. Visiwa vya Galapagosi, kule Ekwado, siku saba ndani ya meli ndogo, kutazama wanyama. Miaka thelathini na mmoja nilifundisha baiolojia, nikachora kobe wa visiwa hivyo ubaoni kwa chaki. Mwenye gamba la kuba. Mwenye gamba la tandiko. Sijawahi kumwona hata mmoja. Nataka kumwona mmoja kabla bomba halijaziba. Hilo tu. Mengine yote ya safari hii wanaweza kubaki nayo.

Jumatano, 12 Februari. Manga.

Soko la Daraja Mbili asubuhi. Nimenunua koti la mtumba, kijani, lina kofia. Nikiondoka nilikanyaga ndizi za mtu. Zilikuwa upande wa kushoto, sikuziona. Mwenye ndizi alinishika mkono akidhani naanguka. Nilimwambia aniache. Nilisema vibaya.

Jioni Kerubo amenipasulia: mama mkwe wake anakuja pia. Mumewe hangeweza kunipeleka mimi akamwacha mama yake nyumbani. Ni haki, najua. Nimekasirika vilevile.

Niandike mara moja nimalizane nayo. Huyu ni korera wangu. Ndivyo tunavyoitana sisi ambao watoto wetu wameoana. Ni mkulima wa chai wa Ikonge. Siku tuliyomzika mume wangu alikuja na wenzake wa kanisa, akaingia nyumbani, akatoka, na kabla jeneza halijashuka akaondoka. Hata kuniaga hakuniaga. Aliacha ujumbe kwamba anawahi kituoni kupima majani. Majani ya chai. Mume wangu bado yuko juu ya ardhi, yeye anakimbilia mizani. Ni miaka minne. Hajaomba msamaha na mimi sijamuuliza. Damu zetu haziivani.

Habari ya macho hajui. Nimemwapisha Kerubo asimwambie hata mumewe. Huyu mama akijua, Ikonge nzima itajua kabla ya Sabato.

Jumapili, 16 Februari. Melini.

Ndege tatu. Miguu imevimba. Korera alikaa safu ya mbele yangu akiomba kwa sauti kila ndege ilipotikisika. Tumesalimiana mara mbili. Inatosha.

Meli ina abiria kumi na sita. Wengine wote ni wazee wa Kizungu wenye kamera ndefu. Nilipelekwa chumba namba nne. Vitanda viwili, meza, friji ndogo. Kabla hata ya kuvua koti niliweka chupa yangu ya dawa kwenye friji. Nikakaa kitandani. Mlango ukafunguliwa. Korera, na mkoba wake.

Kwetu korera halali chumba kimoja na korera. Hata kitanda chake hukioni. Ukienda kwake unakaa sebuleni au uani, na mlango wa chumba cha kulala huutupii jicho. Ndiyo ensoni, heshima ya wakwe, na haijui likizo. Hawa watoto wamekaa Kanada miaka kumi na miwili. Walihesabu akina mama wawili wakaandika chumba kimoja.

Nilimpita kichwa chini nikatoka. Yeye alibaki amesimama, mkoba mkononi, amegeukia ukuta.

Kerubo anasema meli imejaa. Anasema, "Mama, huku hakuna mtu anatujua." Nikamjibu kwamba mimi najijua. Akataka mumewe ahame, nilale kwao. Yaani nilale kitanda cha mkwe wangu. Hakusikia hata anachosema. Nimechagua sebule ya meli, kochi refu chini ya dirisha. Wahudumu wameniletea sanduku na blanketi.

Saa moja ilipofika ndipo nilipoikumbuka chupa. Imo kwenye friji ya namba nne. Korera ameshajilaza, bahari imempiga, anatapika. Kuingia siwezi. Kutuma mtu sitaki, maana chupa ina picha ya jicho na jina langu. Siku moja haitaniua.

Jumatatu, 17 Februari.

Kisiwa cheusi chote. Mawe ya volkeno, makali, hata nyasi hakuna. Mijusi wa baharini kwa mamia, wamelaliana, wanapiga chafya za chumvi. Kiongozi wetu ni mama wa visiwa hivi, mfupi, mkali kama matroni wa bweni. Hatua mbili kutoka kwa kila mnyama. Hakuna kugusa. Nimempenda.

Nimemwona mnandi asiyeruka. Mbawa zimebaki vijiti viwili vyenye manyoya ya kubahatisha. Aliacha kuruka kwa sababu hapakuwa na wa kumkimbia. Nilifundisha hilo kila mwaka. Leo amesimama mbele yangu akikausha mbawa zisizo na kazi, mwenye maringo. Nilicheka peke yangu. Kama yule aliyeko namba nne hangekuja, ingekuwa siku njema kabisa.

Saa moja mlango umefungwa. Kerubo ameuliza kama nimeweka dawa. Nimesema nimeweka. Sijui kwa nini nimesema hivyo. Najua. Nimeona aibu ya jana.

Jumanne, 18 Februari.

Korera bado anatapika. Vizuri.

Nimeandika hivyo na sifuti.

Akipata nafuu anaimba nyimbo za kanisa lake, kwa pua. Ukuta ni wa mbao. Kerubo anampelekea uji. Mwanangu, na uji, kwa yule mama. Anaingia na kutoka humo mara nne kwa siku. Ningemwambia tu: fungua friji. Lakini ningelazimika kukiri kwamba jana nilimdanganya, tena angetoka na chupa mbele ya macho ya mama mkwe wake. Nimenyamaza.

Mkwe wangu anajitia hamnazo. Anapita sebuleni akitazama dari ili asione ninapolala. Angalau yeye bado ana adabu kidogo. Chumba angekifikiria kwa adabu hiyo hiyo.

Jumatano, 19 Februari.

Jicho la kulia linauma. Taa zina duara za rangi. Sijaweka.

Alhamisi, 20 Februari.

Siku mbaya.

Tulishukia ufuko wa mchanga. Nilichoka nikaona jiwe la kahawia, nikakaa. Jiwe likanguruma. Simba wa baharini, mzima, alikuwa amelala. Nilianguka upande wa pili kwa makalio, magoti juu. Matroni alinifokea mbele ya wote. Alikuwa na haki. Kila mtu alikuwa anamwona yule mnyama, ukubwa wa ng'ombe mchanga. Mimi niliona mgongo tu.

Na leo ndiyo siku aliyochagua korera kupona. Alikuwa ufukoni, amekaa juu ya kanga, chupa ya maji mkononi. Aliona yote. Hakucheka. Alinitazama sana. Afadhali angecheka.

Tuliporudi alibaki juu kuota jua. Nilishuka upesi. Mlango wa namba nne ulikuwa wazi, unasafishwa, mhudumu ameenda kuchukua shuka. Friji naiona. Hatua nne. Kando yake kitanda cha korera, hakijatandikwa, na nguo yake ya kulalia iko juu. Nilisimama kizingitini. Nina miaka sabini na moja, nina digrii, nimesomesha madaktari. Mguu ulikataa. Nilikaa pale mpaka mhudumu aliporudi na shuka zake, nikamwambia nimepotea njia.

Sasa naandika herufi kubwa kama za mtoto wa chekechea. Bomba limekuwa jembamba. Labda ni uchovu. Si uchovu. Keshokutwa ni kobe. Nikifika kwa kobe nikiwa sioni, nitakuwa nimejipofusha mwenyewe kwa kuogopa nguo ya kulalia ya mwanamke nisiyempenda. Naliandika ili nilione. Bado siendi.

Ijumaa, 21 Februari.

Niandike polepole, kwa mpangilio.

Baada ya chakula cha mchana wote walikwenda kuogelea na samaki. Nililala kochini na kitambaa chenye maji juu ya macho. Nikasikia mtu ameingia. Hatua za mtu mzito anayeburuza kandambili. Nikajua.

"Korera, kaa wima."

Nilimwambia atoke. Nilimwambia hapa ndipo ninapolala, hiki ndicho kitanda changu, hana haja ya kukanyaga hapa. Nilisema kwa Ekegusii na kwa ukali, maana nilikuwa nimechoka.

Hakutoka. Alisema asubuhi alitafuta maji baridi akakuta chupa yenye picha ya jicho na jina langu. Alisema kifuniko bado kina utepe wake, hakijafunguliwa. Ni kweli. Ilikuwa chupa mpya, ya zamani iliisha njiani. Alisema jana aliniona nikikalia mnyama, na mtu anayeona hakalii mnyama.

Nilirudia kwamba atoke. Nikamwambia kama hajui heshima ya wakwe, mimi naijua.

Akavuta kiti. Nilisikia kikikwaruza sakafu.

"Kitanda chako nilishakiona," akasema. "Siku ya mazishi. Msichana wenu alinipokea mkoba, akanifungulia mlango, akasema niweke humu. Nikainua macho, ni chumba chenu. Shati la marehemu limekunjwa juu ya mto. Nimesimama mbele ya kitanda cha korera wangu, na mwenyewe yuko nje kwenye jeneza. Ningekaaje tena pale, nikutazame usoni?"

"Ulisema unapima majani."

"Ulitaka niseme nini? Nimeona kitanda chenu? Mbele ya watu wote wale? Majani hayamwaibishi mtu."

Yule msichana namkumbuka. Nilimleta mimi mwenyewe kusaidia siku hiyo. Hakuwa wa kwetu, alitoka mbali, hakujua mila.

Korera alisema yeye ameshavunja mara moja, kuvunja mara ya pili hakutamwongezea kitu. Alinishika kidevu. Vidole vya kuchuma chai, vinakwaruza kama gome. Tone moja kulia. Tone moja kushoto. Nilimwambia abane kona ya jicho na ahesabu hadi sitini. Alihesabu. Alikosea kwenye arobaini akarudi nyuma, nami sikumsahihisha.

Alipomaliza aliweka chupa mkononi mwangu akaondoka. Hakusema pole. Sikusema asante.

Sina furaha. Nina hasira kuliko jana. Miaka minne nimemchukia mtu kwa kitu ambacho hakukifanya, na nilimchukia vizuri, kwa bidii, kila nilipopita kaburi. Alikimbia kwa kuniheshimu, na hakuniambia kwa kuniheshimu. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Nimefanya vivyo hivyo siku tano.

Saa moja nimeweka tena, mbele ya Kerubo. Nimemwambia ukweli wote. Amelia. Nimemwacha alie.

Jumamosi, 22 Februari.

Tulipanda gari hadi mlimani. Ukungu, nyasi ndefu zenye maji, tope jekundu. Ungedhani ni Manga mwezi wa nne.

Ni Sabato. Korera hafanyi kitu siku ya Sabato, hata kuwasha moto. Nilijua atabaki melini. Alitokea na kitambaa cheupe cha kanisani, viatu mkononi. Mwanawe akamkumbusha ni siku gani. Akamjibu, "Yesu mwenyewe alipaka mtu tope machoni siku ya Sabato. Wewe leta hiyo fimbo." Akanishika kiwiko bila kuuliza.

Anaongoza vibaya. Anavuta. "Mguu. Jiwe. Inua, inua. Si huko." Nilimwambia mimi si ng'ombe. Akasema ng'ombe angekuwa amefika. Tuligombana njia nzima, na wale wazee wa kamera walituachia nafasi.

Kisha akasimama. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza, akakiinamisha.

Jicho. Jeusi, lenye maji, limezungukwa na mikunjo. Lilikuwa linanitazama, au halikuwa. Nikasogeza bomba. Shingo. Nikasogeza. Ukingo wa gamba. Nikapanda nalo taratibu mpaka juu, nikashuka upande wa pili. Kuba. Ni wa kuba. Mzima sikuweza kumwona kwa mara moja, nilimuunga vipande vipande kama nilivyokuwa nikimchora: kwanza gamba, halafu kichwa, mwisho miguu. Alikuwa anang'oa nyasi, na kila tonge lilitoa sauti ya kitambaa kinachochanwa.

Nikafika miguuni nikakwama. Kucha. Nilimwuliza korera miguu ya mbele ina kucha ngapi. Alihesabu. Nikamwambia ahesabu tena. Tano. Ya nyuma nne. Miaka thelathini na mmoja nimechora nne nne kila mguu, wasichana wa Manga wakanakili nne nne, nikaweka alama ya tiki.

"Huyu ni karani wetu wa kituo," korera akasema. "Tazama. Foleni inafika barabarani, yeye anakula."

Nilicheka mpaka nikashika fimbo kwa mikono miwili. Sijacheka na mtu hivyo tangu mazishi. Halafu nikakumbuka nacheka na nani nikaacha.

Nimemwona. Niliiahidi nafsi yangu mmoja, nimemwona mmoja. Tulikaa kwake karibu saa nzima. Sehemu niliyoitazama mwisho ni jicho.

Jumatatu, 10 Machi. Manga.

Kliniki, Kisii. Kuweka kidevu kwenye mashine, kubonyeza kitufe kila nikiona nukta. Nukta zilikuwa chache. Muda mrefu nilikaa na kidole juu ya kitufe bila kubonyeza.

Daktari aliuliza kama nimekosa dawa. Nikasema siku tano. Akaacha kuandika. Akauliza ilikuwaje, nami nikaanza kumweleza kuhusu korera, na chumba, na kitanda. Si mtu wa huku. Nilimwona anajaribu kuelewa. Nikaacha katikati. Alisema bomba limepungua, na kwamba sehemu fulani ingeondoka hata hivyo, hawezi kusema ni kiasi gani cha siku tano na kiasi gani cha ugonjwa. Anafikiri alikuwa ananifariji.

Kerubo amepiga kutoka Kanada. Anasema kosa ni lao, kile chumba. Nimemwambia asinichukulie kosa langu. Chumba walikosea wao. Siku tano ni zangu.

Kwa korera sikusema kitu. Amejua tu, sijui kwa nani. Nashuku mwanawe.

Alhamisi, 27 Machi. Manga.

Mvua mchana kutwa. Mtu wa boda ameleta mkungu wa ndizi kutoka Ikonge, haukuwa na maneno. Nimempa maparachichi arudishe, na mimi sikuweka maneno.

Tangu kliniki korera anapiga simu kila jioni. Saa moja kamili. "Umeweka?" Nimeweka. Anakata. Hakuna salamu wala habari ya nyumbani. Sijamwomba. Wiki ya kwanza nilitaka kuzima simu. Ikonge nzima inajua macho yangu, niliambiwa na muuza sukari. Nilisema itajua, ikajua. Bado simpendi. Ana sauti ya kuamrisha, na anavuta mtu.

Leo saa moja imefika, simu kimya. Nilikuwa kitandani, chupa mkononi, kifuniko kimefunguliwa. Saa moja na dakika tano. Na kumi. Nilimlaani. Nikafikiri barabara ya Ikonge na mvua hii na magoti yake. Ningeweza kuweka dawa mwenyewe, naweka mwenyewe kila siku. Nilikaa tu.

Saa moja na robo ikalia. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu na mvua juu ya bati.

"Umeweka?"

Nikamwuliza alikuwa wapi.

"Nilikuwa napima majani."

Nimemwamini. Nikamwambia asikate, nikaweka simu juu ya mto, nikaweka tone moja kulia, tone moja kushoto, nikabana. Alihesabu yeye. Safari hii alifika sitini bila kukosea.

Akakata.